Intaneti moja kwa kompyuta zote za nyumbani

Modemu huleta intaneti nyumbani, ruta huigawa kwa kompyuta zote. Waya wa modemu uchomeke kwenye tundu la ruta lililoandikwa WAN, yaani upande wa intaneti. Kompyuta ziingie kwenye matundu ya LAN, yaani mtandao wa ndani ya nyumba. Fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kabla ya lolote badilisha nywila ya msimamizi. Ya Wi-Fi ni nyingine, usizichanganye. Kwenye usalama wa Wi-Fi chagua njia ya ulinzi ya WPA3, au WPA2 kama una vifaa vya zamani. WEP, ya zamani na isiyo salama, usiiguse.

Mimi kompyuta ya mezani huiunganisha kwa kebo hata kama ruta iko hatua mbili tu. Kebo haibishani na kuta, tena inafika mita 100. Wi-Fi ya GHz 5 ina kasi lakini kuta huichosha. Vyumba vya mbali viachie GHz 2.4.

Umeongeza ruta ya pili? Hapa ndipo wengi hukwama. Ipe anwani yake, tuseme 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, zima DHCP yake (huduma inayovigawia vifaa anwani), kisha kebo itoke LAN ya ruta kuu iingie LAN ya pili, si WAN. Ukiiacha DHCP ikiwa imewashwa, kila ruta itagawa anwani kivyake, vifaa viwili vinaweza kujikuta na anwani moja, na printa inaweza kutoweka mtandaoni ilhali iko mezani inakutazama.