Somo: Namna ya kuchunguza kinachoathiri wingi wa mamalia wa msituni katika visiwa vya tropiki

Naandika somo hili kwa sababu nimeulizwa mara nyingi mno kwa nini kisiwa chenye msitu mzuri kina wanyama wachache. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Amua kama unachunguza idadi ya spishi au wingi wa wanyama wa kila spishi. Nadharia ya wanaikolojia MacArthur na Wilson ya mwaka 1967, inayohusu ukubwa wa kisiwa na umbali wake kutoka bara, inaeleza idadi ya spishi. Kisiwa chenye spishi chache kinaweza kujaa wanyama, kwa kuwa washindani wao na wanaowala hawapo.

Hatua ya 2. Tafuta ramani ya msitu, barabara na makazi.

Hatua ya 3. Panga mistari ya kuhesabia, yaani mistari iliyonyooka utakayoifuata kwa miguu ukihesabu wanyama. Hapa ndipo nilipoharibu kazi ya msimu mzima: nilifuata njia zilizokuwapo kwa kuwa zilipitika kwa urahisi, nikaona paa wachache sana, nikahitimisha kwamba msitu umekosa chakula. Njia zile zilikuwa za wawindaji, na wanyama walikuwa wamejifunza kuziepuka. Mistari ipangwe kwa nasibu, hata ikipita kwenye miiba na mabonde. Pima umbali wa pembe mraba kutoka mstarini hadi pale mnyama alipokuwa ulipomwona mara ya kwanza, wala si pale alipokimbilia. Usikadirie kwa macho ikiwa kipimo kipo.

Hatua ya 4. Linganisha matokeo na visababishi, kimoja kimoja. Uwindaji nauweka mbele: katika kisiwa cha Bioko, Guinea ya Ikweta, bunduki na soko la nyama ya porini vimepunguza nyani na kima hata mahali ambapo miti bado imesimama. Kisha wanyama wageni na maradhi yao: panya wa asili wa kisiwa cha Christmas, Bahari ya Hindi, walitoweka ndani ya miaka michache baada ya panya weusi kuletwa na meli pamoja na vimelea vyao. Mwisho, wanyama walao nyama: katika visiwa vidogo vya ziwa la Guri, Venezuela, vilivyobaki bila wanyama hao baada ya bwawa kujaa, walao majani waliongezeka hadi wakaudhuru msitu wenyewe.

Hatua ya 5. Rudia hesabu majira ya mvua na ya kiangazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama A: Nipe kwa ufupi tu, kisababishi kikuu ni kipi?
Jibu: Hakuna kimoja kwa visiwa vyote. Soma hatua ya 4.

Mwanachama B: Kamera zangu zimepiga picha 60 za paa. Je, niandike paa 60?
Jibu: Hapana. Paa mmoja anaweza kupita mara 60. Tena hujasema ulizifunga wapi. Ikiwa ni njiani, rudi hatua ya 3.

Mwanachama C: Ndugu mwalimu, nimesoma kwamba kando ya msitu wa Jozani, Unguja, kima punju wamesongamana zaidi mashambani kuliko msituni. Je, hiyo ina maana kwamba mashamba ni makazi bora?
Jibu: Ahsante kwa swali hili, ndugu yangu. Msongamano peke yake hauthibitishi ubora wa makazi, kwa sababu wanyama waliopoteza misitu mingine wanaweza kurundikana palipobaki. Chunguza pia kama watoto wanazaliwa na kunusurika, kisha linganisha miaka kadhaa. Majani ya miembe na mikungu huwashibisha kweli, lakini huwa na kemikali zinazosumbua mmeng'enyo, na inadhaniwa ndiyo maana kima hao hula mkaa.

Mwanachama D: Naongeza dokezo kuhusu popo wakubwa walao matunda, ambao mistari ya mchana haiwafai: tafuta mti wanaolala, kaa mahali penye anga wazi, uwahesabu wanapotoka jua linapozama.
Jibu: Ni kweli, na wahesabu wawe wawili, kila mmoja akiandika peke yake kabla ya kulinganisha.