Somo: Kwa nini komparata yako haipandishi volti

Wiki haipiti bila mtu kuuliza kwa nini LM393 yake (chipu ya komparata, yaani inayolinganisha volti mbili) imekufa, kumbe ni nzima. Naandika mara hii moja, tuelekezane hapa.

1. Lisha chipu, unganisha graundi zote.

2. Pini moja ya kuingilia ipe volti ya kulinganishia, nyingine ishara yako. Zote zikae angalau volti 2 chini ya volti ya kulishia.

3. Funga rezista kutoka pini ya kutolea hadi positivu. Nyuma ya pini hiyo kuna kolekta ya transista, basi. Kazi yake ni kuvuta hadi graundi. Ikiachia, pini inaning'inia. Anayeipandisha ni rezista.

Thamani yake ndiyo iliyonitesa. Niliweka omu 330 kwenye volti 12, nikitaka kasi. Hizo ni miliampia 36, na LM393 imehakikishiwa kuvuta 6 tu, kwa kawaida hufika kama 16. Pini ilipotakiwa kushuka, mita ilisoma zaidi ya volti 6 na chipu ikapata moto. Gawanya volti kwa omu KABLA ya kuwasha. Hata ukipatia, usitegemee sifuri kamili: kwa miliampia 4 inabaki takriban volti 0.25. Wala usikimbilie kilo-omu 100, maana pini itapanda kwa uvivu. Kwa volti 5 mimi naanza na kilo-omu 4.7.

4. Ukiendesha relei (swichi inayowashwa kwa umeme), ipitie kwenye transista ya nje, pamoja na dayodi yake.

MASWALI

— Mkuu, yangu haitoi kitu. Msaada.
— Rezista ya hatua ya 3 ipo?
— Sijaweka, nilidhani si lazima.
— Ni lazima. Soma tena.

— Mwalimu, chipu naipa volti 12 lakini mikrokontrola ni ya 3.3. Rezista niifunge wapi?
— Swali zuri sana. Ifunge kwenye 3.3. Pini hupanda hadi pale rezista ilipofungwa, si hadi volti ya chipu. Tena unaweza kuunganisha pini za komparata mbili kwenye rezista moja: yoyote ikivuta, mstari unashuka. Usifanye hivyo kwa zile zinazosukuma na kuvuta, kama LMC7211. Moja ikisukuma na mwenzake akivuta, zinaumizana.

— Mimi natumia LM358, sina shida ya rezista.
— Hiyo ni ampifaya. Inasukuma, kweli, ila kupanda volti 3 inachukua kama mikrosekunde 10. Kwa kupima joto inatosha. Kwa mapigo ya haraka hapana.

— LED yangu iko kati ya positivu na pini. Mbona inawaka kinyume?
— Iko sawa, inawaka pini ikivuta. Badilishana pini za kuingilia.
— Imekubali! Ila ishara ikikaribia volti ya kulinganishia, LED inatetemeka.
— Weka kilo-omu 10 kati ya pini ya kujumlisha (+) na kile kinachoilisha, iwe ishara au volti ya kulinganishia, kisha mega-omu 1 kutoka pini ya kutolea kurudi hapo hapo kwenye kujumlisha. Na ile rezista ya hatua ya 3 iwepo, sambamba na LED na rezista yake.