Haidrenja: rangi yake inatoka wapi, na kwa nini mbuzi wasiifikie

Nilikata vijiti kwenye haidrenja yangu (kichaka cha maua ya bustani) hapa Lushoto nikampa dada wa Arusha, kwangu maua ni bluu kwake yakatoka pinki, akajua nimempa aina nyingine. Hapana jamani, ni udongo tu. Udongo wa asidi, pH (kipimo cha asidi) chini ya 5.5, unaachia alumini, mmea unaifyonza na ua linakuwa bluu, ikizidi 6.5 alumini inakwama ardhini unapata pinki. Ukitaka bluu, yeyusha kijiko cha chai cha shabu kwenye lita 4 za maji, mwagilia mara moja kwa mwezi, usizidishe utaunguza mizizi, na mbolea ya DAP achana nayo maana fosforasi inaifunga alumini. Wa pinki aweke chokaa ya shambani. Nyeupe haigeuki hata ufanyeje.

Kuotesha ni rahisi, chagua tawi ambalo halijatoa ua, kata sm 10 hadi 15 chini kidogo ya kifundo (pale majani yanapoota), toa majani ya chini, ya juu yakate nusu yasipoteze maji, chomeka kwenye mchanga na mboji, weka kivulini, wiki 3 au 4 mizizi inatoka. Hamishia penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, weka matandazo. Saa nane mchana majani yatalegea yaning'inie kama nguo mbichi kwenye kamba, usikimbilie ndoo, angalia jioni, yakiwa bado yamelala ndo ina kiu kweli.

Kupogoa ni mara tu maua yakiisha, ukichelewa unakata vichipukizi vya maua ya msimu ujao.

Ukikata ua la kuweka ndani likanyauka, zamisha kichwa chote kwenye beseni nusu saa, linafufuka kabisa.

Ila majani na machipukizi yana sumu, yakifika tumboni yanaweza kutoa sianidi. Mbuzi, mbwa, paka, farasi, wote wanatapika au kuharisha, kwa hiyo matawi uliyopogoa yasitupwe bandani. Hata watu, mwaka 2008 kule Japani wateja wa mgahawa walikula majani yaliyowekwa kama pambo la chakula wakaishia kutapika, so naomba sana usipambe keki wala sinia la pilau kwa haidrenja. Vaa glavu ukipogoa, wengine ngozi inawasha. Mtoto akitafuna mkimbize hospitali, na ubebe tawi lenye majani daktari alione.