Jinsi ya Kulinganisha Rekodi za Jukwaani za Grateful Dead, Kipindi kwa Kipindi

Grateful Dead, bendi iliyoanzia California mwaka 1965 na kukoma mwaka 1995 baada ya kifo cha mpiga gitaa wake Jerry Garcia, ilifanya maonyesho zaidi ya 2,000, na sehemu kubwa yake ilinaswa kwenye kanda. Anayetaka kuyapima yote kwa pamoja atazama humo bila kufika popote. Chagua wimbo mmoja, kisha uufuate mwaka hadi mwaka. Mimi nimeuchagua "Dark Star", kwa kuwa toleo lake la santuri la mwaka 1968 halifiki dakika 3, na yote yaliyoongezwa jukwaani yalibuniwa papo hapo.

Matoleo matatu yanatosha kwa kuanzia: la Fillmore West, San Francisco, la tarehe 27 Februari 1969, lenye takriban dakika 23, la Veneta, Oregon, la tarehe 27 Agosti 1972, linalopita nusu saa, na la Miami la tarehe 26 Oktoba 1989, ambalo nalo linakaribia nusu saa. Kwa sisi tunaonunua bando hapa Uganda, ni vyema kujua kwamba faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa dakika, hivyo matoleo yote matatu hayazidi sana MB 80.

Kabla ya kumhukumu mpigaji, ihukumu kanda. Rekodi iliyotolewa moja kwa moja kwenye mashine ya kuchanganyia sauti huwa safi, lakini mara nyingine huonyesha gitaa likiwa dogo kuliko lilivyosikika ukumbini, kwa sababu spika za jukwaani zilikuwa tayari zinalipaza. Rekodi ya mashabiki, ambao tangu Oktoba 1984 walitengewa eneo lao la kusimika maikrofoni, hubeba mwangwi na vifijo, lakini hukupa uzito halisi wa besi. Kanda pia huweza kunakiliwa kwa kasi isiyo sahihi. "Dark Star" huzunguka kwenye noti ya la (A). Ukipiga noti hiyo kwenye gitaa lililolinganishwa vizuri na rekodi ikawa juu kidogo, basi wepesi unaousikia huenda umetokana na mashine, wala si mikono ya wanamuziki. Mwisho, sawazisha sauti ya matoleo yote kwenye simu, kwani sikio hupendelea daima lile lenye sauti kubwa.

Hapo ndipo usikilizaji wenyewe huanza, na hapa masikio yetu yana faida na mtego. Tuliolelewa na Afrigo Band na rumba ya Kongo tunalijua sebene: ridhimu hushikilia, besi hutuliza, na solo huruka juu yake. Ukilitafuta sebene ndani ya "Dark Star" utachoka mapema, maana besi ya Phil Lesh haikai chini kumngojea Garcia. Humjibu, humpinga, na mara nyingine humtangulia. Kwa hiyo mara ya kwanza fuata besi pekee, ukiandika dakika na sekunde ya kila mahali inapobadili mwelekeo na kumtaja anayeifuata kwanza.

Mara ya pili, fuata ngoma. Mwaka 1969 wapo wapigaji wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart. Mwaka 1972 Kreutzmann yuko peke yake pamoja na piano ya Keith Godchaux, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, muziki wa Veneta unaweza kukata kona ghafla kuliko mwingine wowote. Mwaka 1989 Hart amerudi, Brent Mydland yuko kwenye vinanda, na gitaa la Garcia, likiunganishwa na mitambo ya kielektroniki, huweza kutoa sauti ya filimbi. Usilipuuze toleo hilo kwa sababu ya mitambo. Chunguza kama filimbi ile inampeleka Garcia kwenye noti ambazo hakuzigusa zamani.

Siku nyingine rudia kwa mpangilio wa kinyume, ukianzia 1989. Mimi ni kwa njia hiyo tu nilipoisikia ogani ya Tom Constanten katika toleo la 1969, ikining'inia nyuma ya magitaa, ilhali nilikuwa nimeshalisikiliza toleo hilo mara nyingi.