Namna ya kuikagua tathmini ya machimbo ya mchanga na mawe kabla shimo halijafunguliwa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar ya mwaka 2015 inataka mradi unaoweza kuleta athari kubwa ufanyiwe tathmini ya athari za mazingira kabla haujaanza, na cheti hutolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA. Uzito wote umo katika neno "kabla". Serikali yenyewe huuita mchanga, mawe na kifusi maliasili zisizorejesheka, na mjumbe wa kamati ya shehia anayeisoma taarifa ya tathmini anapaswa kulichukua jina hilo kama lilivyo.

Sera za uhifadhi hupanga hatua nne kwa mfuatano: kuepuka madhara, kuyapunguza, kuirejesha ardhi, na mwisho kufidia kile kilichopotea. Isome taarifa kwa mpangilio huo huo. Ukiona imeanza na ahadi ya kupanda miti bila ya kueleza kwa nini eneo hilo limechaguliwa badala ya jengine, irudishe na uombe maelezo kwa maandishi, kwa sababu hatua ya kwanza imerukwa.

Hapo kwenye kuepuka ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Msitu wa maweni humea juu ya jiwe la matumbawe ya kale, na udongo wake ni mchache mno, umejikusanya katika mianya na vishimo ambamo mizizi hupenya. Jiwe likishakatwa kwa matofali au kusagwa kokoto, mianya hiyo huondoka pamoja nalo. Humo ndimo anamoishi paa nunga, mnyama mwoga anayepatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, na humo hupita kima punju, ambaye asili yake ni Unguja pekee na ambaye hatambui mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Kwa hiyo usitosheke na jibu kwamba eneo liko nje ya hifadhi. Litembeeni mkiwa na wazee, wavunaji wa asali na wanaochuma dawa za miti shamba, alfajiri na jioni, wakati wa masika na wakati wa kiangazi, kisha mlinganishe mlichokiona na orodha ya viumbe iliyomo katika taarifa. Orodha iliyoandikwa kwa ziara ya siku moja ya kiangazi haitoshi, na kamati ina haki ya kusema hivyo. Kwa Pemba, ulizeni pia miti wanayolala popo wa Pemba, ambao hawapatikani pahala pengine duniani. Mti mmoja mkubwa ukiangushwa kwa ajili ya njia ya magari, kundi zima linaweza kuhama.

Ufukweni jambo ni jepesi zaidi kuamua: pwani anapotagia kasa isichimbwe mchanga.

Eneo likikubalika, kupunguza madhara kuandikwe kwa vipimo: mipaka iliyopigwa vigingi, kina kisichofika kwenye maji ya chini (kwani tabaka la mchanga ndilo linalochuja na kuhifadhi maji ya visima), njia moja tu ya magari, na udongo wa juu utengwe pembeni bila ya kuchanganywa na kifusi, maana ndani yake mna mbegu za miti ya pale pale.

Kuhusu kurejesha, niseme wazi ninavyoamini. Shimo lililopandwa mivinje tupu hupata kivuli na kuni, lakini msitu uliokuwapo haujarudi. Dai miti ya asili ya eneo hilo itajwe kwa majina, pamoja na idadi na jina la atakayeitunza mpaka ishike. Fidia ya ardhi ya pahala pengine ikubalike pale tu ambapo kipande kinachotolewa kina viumbe wale wale.

Mwisho, kabla ya saini ya sheha, iombeni nakala ya masharti kwa Kiswahili, muiweke katika jalada la shehia pamoja na picha za eneo zenye tarehe. Kila baada ya miezi mitatu rudini na nakala hiyo mkononi, pimeni kina cha shimo, na mkikuta sharti limevunjwa pelekeni barua ZEMA mkiambatanisha picha ya kabla na ya sasa.