Tangi la samaki wa dhahabu: maji kwanza, samaki baadaye
Bakuli la kioo hupendeza mezani, lakini kwa samaki wa dhahabu ni jela. Wawili wa aina ya mwili wa duara wanahitaji tangi la lita 100 hivi: urefu sentimita 80, upana 35, kimo 40. Liweke mbali na jua la dirishani, la sivyo maji yatageuka kijani. Tumia dawa ya kuondoa klorini kwenye maji ya bomba. Kabla ya kuleta samaki, washa chujio, tia chembe chache za chakula kila siku zioze na kutoa amonia (sumu itokanayo na mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki), usubiri wiki 4 hadi 6. Bakteria wanaoondoa amonia huongezeka polepole, na amonia ndiyo huwamaliza samaki wapya. Samaki wakishaingia, badilisha robo ya maji kila wiki. Sponji ya chujio isuuze kwa maji ya tangi. Klorini ya bomba huwaua bakteria hao waliomo kwenye sponji.