Jinsi ya kupima kama mradi wa programu huria unabebwa na mtu mmoja

Machi 2016, kifurushi cha left-pad chenye mistari 11 tu ya msimbo kiliondolewa na mwandishi wake kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Miradi mingi ikagoma kujengwa, hata ile ambayo wahusika wake hawakujua kwamba wanakitegemea. Ukitafiti mfumo wa vifurushi, swali la msingi ni hilo: nani anabeba nini? Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ina sehemu kubwa ya jibu, alimradi uhesabu watu, si anwani za barua pepe.

1. Andika kipimo kabla ya kugusa data. Mfano: idadi ndogo kabisa ya watu ambao kwa jumla wamefanya nusu ya mabadiliko ya miezi 12. Ukichagua kipimo baada ya kuona matokeo, utajikuta unachagua kinachokupendeza.

2. Vuta historia yote.
`git clone --filter=blob:none ANWANI`
Matoleo ya zamani ya mafaili hayapakuliwi, hivyo kazi ni nyepesi. Usitumie `--depth 1`. Inaleta badiliko la mwisho peke yake.

3. Toa orodha.
`git log --no-merges --format='%aN%x09%aE%x09%aI' > orodha.tsv`
Usichuje kwa `--since`. Chaguo hilo hufuata tarehe ya aliyeingiza badiliko, si ya aliyeliandika, na kwenye miradi inayotumia rebase (kuandika upya mabadiliko juu ya msingi mwingine) tarehe hizo mbili hupishana sana. Chuja baadaye kwa safu ya tatu, ukishageuza saa zote kuwa UTC.

4. Unganisha majina. Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe. Mtu mmoja huandika kwa anwani ya kazini, ya nyumbani na ya kompyuta aliyosahau kuisanidi. Ukimhesabu mara tatu, mradi dhaifu utaonekana imara. Anza na:
`git shortlog -sne --no-merges HEAD`
Hilo `HEAD` usiliache: ndani ya skripti, bila hilo amri husoma ingizo la kawaida badala ya historia. Kisha ongeza kwenye faili la `.mailmap`, linaloiambia Git majina na anwani zipi ni za mtu mmoja:
`Asha Juma <asha@example.com> <aj@example.org>`
Rudia hatua ya 3. `%aN` na `%aE` hulisoma faili hilo, `%an` na `%ae` hazilisomi. Jina kufanana si ushahidi wa kutosha, na anwani kama root@localhost huweza kuwa ya watu wengi. Walio juu ya orodha wakague mmoja mmoja kwa macho.

5. Ondoa roboti. Nyingi huishia na `[bot]`. Nyingine hutumia akaunti za kawaida. Utazitambua kwa ujumbe uleule unaojirudia.

6. Tafuta waliofichwa. Mabadiliko yakibanwa kuwa moja, waandishi wenza hubaki kwenye mistari ya `Co-authored-by`; itoe kwa `%(trailers:key=Co-authored-by,valueonly)`. Historia iliyohamishwa kutoka Subversion, mfumo wa zamani zaidi wa kutunza historia ya msimbo, ni mbaya zaidi: huko hapakuwa na nafasi ya mwandishi tofauti na aliyeingiza, hivyo viraka vya wachangiaji wengi husomeka kama kazi ya aliyeviingiza.

7. Hesabu, kisha ficha majina. Hifadhi yenye vifurushi vingi ipime kwa folda, ukiongeza `-- packages/jina` mwishoni mwa amri ya hatua ya 3. Kuhakiki na kujibu maswali hakumo humu. Lisemwe wazi kwenye ripoti. Unapochapisha data, wape watu namba za nasibu. Heshi ya barua pepe (alama inayokokotolewa kutokana na anwani) haitoshi, kwani yeyote mwenye orodha ya anwani ataikokotoa upya na kulinganisha.